Maswali ya Wasomaji: Uraia Ufundishwe Vipi Katika Shule za Upili?

Barua tulizopokea mara hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Bungoma, Vihiga na Busia, na zote zinahusu elimu ya uraia katika shule za upili, wakati ambapo mfumo wa elimu wa 8-4-4 hapa Kenya (miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu) unakaribia ukingoni na wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wamekwisha kuingia Gredi ya 10. Tumezifupisha barua hizo, na majina ya waandishi hatuyataji.

SWALI: Mimi hufundisha Historia na Serikali katika shule ya kutwa karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaweza kuyataja majukumu ya serikali ya kaunti bila kusita, na katika mtihani hupata alama nzuri. Hata hivyo, mvua kubwa iliponyesha na mtaro ulio mbele ya lango la shule ukaziba, niliwauliza ni nani anayepaswa kuuzibua, na karibu darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Rais." Nifanye nini ili haya wanayoyakariri yawe maarifa wanayoweza kuyatumia? — *Mwalimu, Ahero*

JIBU: Mwalimu, mtaro huo unatosha kuwa somo la muhula mzima, na ningekuomba usiwape wanafunzi wako jibu sahihi, bali uwaache walitafute wenyewe hadi walipate. Waanze na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ambalo ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Sehemu ya Pili ya jedwali hilo inazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, uzoaji wa taka, na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Sehemu ya Kwanza inaiachia serikali ya kitaifa ujenzi na uendeshaji wa barabara kuu. Mwanafunzi akiishia hapo atasema upesi kwamba mtaro ni wa kaunti, na pengine atakuwa amekosea, kwa sababu Ahero ipo pale ambapo barabara itokayo Kisumu kuelekea Kericho inakutana na ile ya kwenda Kisii. Ikiwa lango lenu linatazamana na barabara kuu, huenda mtaro wake uko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu nchini. Ikiwa mko ndani zaidi, huenda barabara hiyo ni ya KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, au ni ya kaunti yenyewe. Hapo ndipo darasa litakapoanza kuona kwamba serikali si mtu mmoja aliye Nairobi, bali ni ofisi nyingi zilizogawiwa kazi kwa sheria, na kwamba raia asiyeujua mgawanyo huo hulalamika mwaka hadi mwaka mbele ya mlango usio wake.

Baada ya hapo watoke nje. Wauchore mtaro unakoanzia na unakoishia, waupime kwa hatua, wawaulize wenye maduka na wazee wa hapo ulizibwa lini mara ya mwisho na ulizibuliwa na nani. Waandike pia kilichouziba. Nasisitiza hili la mwisho kwa sababu walimu wengi hulipita, ilhali ndilo linalotenganisha uraia na manung'uniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa, maganda, vitambaa na majani bado vinatupwa mitaroni, na si ajabu wanafunzi wako wakakuta kwamba sehemu ya uchafu huo imetoka katika shule yao wenyewe. Wakikuta hivyo, waandike hivyo hivyo, bila kujificha, kwa sababu barua ya raia anayekiri sehemu yake ya kosa hupata nguvu ya kudai sehemu ya mwingine.

Ndipo waandike barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, wala hakitaji umri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo: ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, anayeomba halazimiki kutoa sababu, hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa gharama ya kutoa nakala inaweza kutozwa, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, muda ambao unaweza kuongezwa mara moja tu kwa siku zisizozidi 14. Iwapo barua imefika katika ofisi isiyohusika, ofisi hiyo inatakiwa kuipeleka kunakohusika ndani ya siku tano, badala ya kumrudisha mtu nyumbani na maneno ya "si hapa." Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Inaweza kusomeka hivi:

"Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tatu. Mtaro ulio mbele ya lango la shule yetu umeziba, na mvua inaponyesha maji huingia madarasani. Tunaomba kufahamishwa mambo matatu: ni idara ipi inayousimamia mtaro huu, kumbukumbu zenu zinaonyesha ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na kama kuna fedha zilizotengewa kazi hiyo katika mwaka huu wa kifedha. Tunaliwasilisha ombi hili chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Mchoro wa mtaro umeambatishwa."

Utaona kwamba barua hiyo haimlaumu mtu, haimsifu mtu, na haiombi msaada. Inauliza tu, na kila swali lina jibu linaloweza kuandikwa. Wewe na mwalimu mkuu mtie sahihi pamoja na wanafunzi, ili kusiwe na mtoto atakayeitwa peke yake na mtu wa ofisi kuulizwa ametumwa na nani. Mtunze nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe ya siku ya 21 iandikwe ukutani darasani. Jibu likija, mlisome pamoja. Lisipokuja, sheria hiyo hiyo inaruhusu kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, na kuyaandika malalamiko hayo ni somo jingine.

Hili la fedha lina ratiba yake, nawe unaweza kuipanga kazi ya darasa kulingana nayo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe waraka wa mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, kisha makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa kifedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo muhula wa kwanza ndio wakati ambapo maoni ya wananchi wa eneo lenu la Nyando kuhusu mitaro, zahanati na masoko yanaweza kuingia katika bajeti, na mkutano wa maoni ya umma ukiitishwa katika wadi yenu, wanafunzi wachache wakiandamana na mwalimu wao wanaweza kuhudhuria, kusikiliza, na kusimama kusema jambo moja walilolifanyia kazi. Anayesimama na mchoro wa mtaro mkononi husikilizwa kuliko anayesema tu kwamba barabara zetu ni mbaya.

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Nakuru, na darasa lao lina watoto wa jamii nyingi. Mwalimu aliwafundisha kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na usiku ule ule watoto wakabishana bwenini, kila mmoja akirudia aliyoyasikia kwao nyumbani, hadi wengine wakalia. Mimi niliyaona yale kwa macho yangu. Je, si afadhali shule ziyaache mambo hayo na kuwafundisha watoto wetu amani tu? — *Mzazi, Nakuru*

JIBU: Mzazi mwenzangu, hofu yako inastahili heshima, kwa sababu aliyeyaona mambo hayo Nakuru na Naivasha haombi kuyaona tena hata kwa maneno. Hata hivyo sikubaliani na wazo la kunyamaza. Watoto walio shule za upili leo walizaliwa wakati ule au baada yake; hawana kumbukumbu yao wenyewe, bali wana simulizi za nyumbani, na kila nyumba husimulia upande wake. Barua yako yenyewe inaonyesha kwamba simulizi hizo tayari ziko bwenini. Shule ikinyamaza, hizo ndizo zitakazobaki kuwa somo, bila mwalimu wa kuzipima.

Kosa, kwa maoni yangu, si kulifundisha jambo hilo bali ni kulifungua na kuwaacha watoto nalo kengele ilipolia. Somo la namna hii linahitaji vipindi viwili au vitatu mfululizo, na liongozwe na maandishi kabla ya hisia. Kuna ripoti ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotolewa mwaka 2008, inayoeleza kwamba zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na inayowataja waathiriwa wa jamii nyingi na wa maeneo mengi, wakiwemo waliouawa kwa risasi za polisi. Mtoto anayesoma kwamba watu wa jamii yake waliumizwa mahali fulani na kwamba watu wa jamii yake waliumiza wengine mahali pengine hawezi tena kurudia hadithi ya upande mmoja kwa urahisi ule ule.

Mwalimu aweke pia masharti machache na kuyasimamia. Mwanafunzi asiulizwe "watu wenu wanasemaje," kwa maana hakuna mtoto aliyechaguliwa kuisemea jamii. Wazungumze kuhusu watu waliotenda, ofisi zilizohusika na maamuzi yaliyofanywa, si kuhusu makabila. Mwalimu mwenyewe asidokeze chama anachokiunga mkono, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa umma na watoto wa wazazi wa vyama vyote wako mbele yake. Na wanafunzi waelezwe kwamba matamshi ya chuki ni kosa chini ya Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, lenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote viwili, na kwamba ujumbe uliosambazwa kwa simu ni matamshi kama yale ya jukwaani.

Nitaongeza jambo ambalo naliona ndilo kiini cha somo hili, nalo huachwa mara nyingi. Mwaka 2007 upande uliopinga matokeo ya urais ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauna imani na mahakama zilizokuwepo. Hatimaye suluhu ilitafutwa katika mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 iliunda Mahakama ya Juu na kuipa muda maalumu: anayepinga uchaguzi wa rais ana siku saba baada ya matokeo kutangazwa kuwasilisha kesi, na mahakama ina siku 14 kuiamua. Tangu hapo matokeo ya urais yamepingwa mahakamani baada ya uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022. Mara tatu mahakama iliyadumisha matokeo, mojawapo ikiwa baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017, na tarehe 1 Septemba 2017 iliyafuta yale ya uchaguzi wa Agosti na kuagiza uchaguzi urudiwe. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kupewa kazi ya kulinganisha miaka hiyo: wananchi walikuwa na njia gani mwaka 2007, wana njia gani sasa, na ni nini bado kinakosekana, kwa sababu hata baada ya 2010 kuna watu waliopoteza maisha yao katika vipindi vya uchaguzi, Kisumu ikiwa mojawapo ya mahali hapo mwaka 2017, na kuwaficha watoto hilo ni kuwadanganya.

Ama wewe mzazi, una sehemu ambayo mwalimu hawezi kuichukua. Binti yako akirudi likizoni mweleze uliyoyaona, na umweleze yote, pamoja na majirani waliowaficha majirani wao. Wengi wetu tunazo habari za namna hiyo na hatuzisemi.

SWALI: Niko kidato cha nne katika Kaunti ya Bungoma. Chakula cha shule yetu kimekuwa kibaya kwa muda mrefu, na baraza la wanafunzi ni viranja waliochaguliwa na walimu, kwa hiyo hakuna anayetusemea. Wenzangu wanasema njia pekee ya kusikilizwa ni mgomo, nao hutoa mfano wa vijana walioandamana mwaka 2024. Mimi bado sijafikisha miaka 18. Nina haki gani? — *Mwanafunzi, Bungoma*

JIBU: Mwanangu, una haki nyingi kuliko unavyodhani, ila kura bado. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu, si kila mtu mzima, haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi wa shule. Hapo ndipo pa kuanzia: ulizeni kwa heshima na kwa maandishi ni nani anayewawakilisha katika bodi, alipatikanaje, na lini mtaruhusiwa kumchagua ninyi wenyewe kwa kura ya siri. Shule inayofundisha uchaguzi ubaoni haina sababu nzuri ya kuukataa uwanjani.

Kuhusu vijana wa 2024, wenzako wanakumbuka mwisho wa jambo na kusahau mwanzo wake. Kabla ya maandamano, wengi walikuwa wameusoma Muswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu, wakaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na wakawaandikia wabunge wao. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na vijana wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Ni historia nzito ambayo bado inajadiliwa, na sitakuambia uifikirie vipi. Ninachokuambia ni kwamba haifanani na kuchoma bweni. Usiku mmoja wa Machi 2001 wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa katika bweni lililochomwa na wanafunzi wenzao. Anayechoma jengo makusudi anatenda kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na mtoto wa miaka 17 anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo. Mkisikia mtu anataja petroli, hata kwa mzaha, mwambieni mwalimu mnayemwamini siku hiyo hiyo, na msijione wasaliti.

Sasa chakula. Malalamiko ya "chakula ni kibaya" hujibiwa kwa neno moja, "vumilieni." Wawili au watatu wenu wafanye kazi ya majuma mawili: kila siku waandike katika daftari kilichopikwa, saa kilipotolewa, wangapi walikosa, na kama maharagwe yalikuwa na wadudu au ugali haukuiva. Kisha mwandike ombi lenye tarehe hizo, mkipendekeza jambo linalowezekana, kwa mfano wanafunzi wawili wawe wanashuhudia mahindi na maharagwe yakipokelewa stoo na yakipimwa kabla ya kupikwa. Mlipeleke kwa naibu wa mwalimu mkuu kwanza, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha kwa bodi, na mkiona hakuna jibu, wazazi wenu wanaweza kulifikisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Msilipeleke kwa gavana wala kwa bunge la kaunti, kwa maana shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti zina shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji.

Na utakapofikisha miaka 18, chukua kitambulisho mapema, halafu ujiandikishe kuwa mpiga kura katika ofisi ya eneobunge ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo utapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Jifunze kazi za hao sita kabla ya siku hiyo, hasa za huyo wa mwisho, kwa kuwa ndiye anayeketi katika bunge linalopitisha bajeti ya kaunti yako.

SWALI: Nakubali kwamba haya ni muhimu, lakini silabasi ni ndefu na mtihani unakaribia. Muda nitautoa wapi? — *Mwalimu, Vihiga*

JIBU: Kwa wanafunzi wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho, yaani mtihani wa kumaliza shule ya upili, ni ya mwaka 2027, usitafute kipindi kipya, ichukue mada ya ugatuzi au ya uchaguzi iliyomo katika silabasi ya Historia na Serikali, uifundishe kwa jambo moja la wadi yenu badala ya maelezo ya kunakili. Wanafunzi hawatachelewa, na watakumbuka zaidi. Kwa Gredi ya 10, uraia ni mojawapo ya umilisi saba wa mtaala, na kuna somo la lazima la huduma kwa jamii. Ombi langu ni kwamba somo hilo lisigeuke kuwa kufagia soko la Mbale au la Luanda mara moja kwa muhula na kupigwa picha. Kufagia ni kwema, lakini mwanafunzi aulize pia ni nani anayelipwa kulifagia soko hilo, na ada ya soko inayokusanywa kila siku huenda wapi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu katika Kaunti ya Busia. Mwakilishi wadi wetu ameomba kuja kuzungumza na wanafunzi kuhusu uongozi. Amewasaidia wengi kwa karo, na nikimkataa nitaonekana sina shukrani. Nikimkubali, naogopa shule itageuka jukwaa la kampeni. — *Mwalimu Mkuu, Busia*

JIBU: Mwalimu, mkubalie, lakini wewe ndiye uandike ratiba. Mwambie kwa barua, mapema na kwa adabu, kwamba atapokewa kama mjumbe wa bunge la kaunti wala si kama mgombea: asivae sare za chama, asiandamane na waimbaji, asitoe fedha wala zawadi kwa wanafunzi, na nusu ya muda wake iwe ya kujibu maswali. Mwakilishi mwenye nia njema hatakasirishwa na masharti hayo, na anayekasirika amekujulisha alilokuwa akilijia.

Maswali yaandaliwe na wanafunzi wiki moja kabla, wayasome kwa mwalimu wa Historia, si ili yapunguzwe makali bali ili yawe wazi. Wamuulize ni miswada gani aliyoiunga mkono bungeni na kwa nini, ni kamati gani anayoketi, na fedha za basari za wadi hugawanywa kwa vigezo gani na orodha ya waliopata hubandikwa wapi. Swali hili la basari ni muhimu sana katika sehemu zetu, kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini kwamba fedha hizo zinatoka mfukoni mwa kiongozi, na wazazi wao humshukuru kwa kupiga magoti. Fedha hizo ni za umma. Mtoto aliyelipiwa karo kwa fedha za umma hana deni la kura kwa mtu yeyote, na inafaa alisikie hilo kutoka kwa mwakilishi mwenyewe, akiulizwa mbele ya wenzake.

Siku nyingine mwalike msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa na hagombei kiti, aeleze jinsi mradi unavyotoka katika maoni ya wananchi hadi kwa mkandarasi. Mwalike pia karani wa bunge la kaunti au afisa wake, awaonyeshe wanafunzi kitabu cha kumbukumbu za mijadala ili waone mjumbe wao alisema nini na siku gani hakuwepo. Na mwaka wa uchaguzi ukifika, funga mlango kwa wanasiasa wote kuanzia Januari hadi kura zihesabiwe, bila kumwachia mmoja nafasi, hata yule aliyewajengea darasa. Uamuzi huo upitishwe na bodi, uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala yake ibandikwe langoni ili mlinzi asilazimike kubishana na mheshimiwa.